Kopo Lenye Alama Tatu

Kila Alhamisi nikitoka shule, kazi yangu ni taka. Usinicheke. Chini ya sinki letu kuna mifuko minne: wa karatasi, wa plastiki, wa chupa na wa vyuma. Mfuko wa vyuma ndio niliokuwa nauheshimu kuliko yote. Nilisuuza makopo ya nyanya na ya maharage, nikakunjia vifuniko ndani, kisha nikashuka ngazi hadi kwenye kontena lililo kando ya maegesho ya magari. Hapo nilitumbukiza kopo moja moja ili nisikie linavyolia likianguka.

Heshima hiyo niliipata kwa Papa. Baba yangu, Onésime, anaendesha tingatinga katika kiwanda cha kuchambua vyuma, hapa hapa Jordbro, mji wetu mdogo wa Uswidi, upande wa viwanda. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akijigamba mezani, "Hakuna kopo la Jordbro linalokwenda kuyeyushwa bila mimi kuliona kwa macho yangu haya mawili." Mama, ambaye anahudumia wazee huko Handen na hana muda wa majigambo, humjibu, "Basi macho hayo yaone na sahani zinazongoja kuoshwa." Mimi nilicheka, lakini nilimwamini Papa. Yashike maneno yake hayo, maana ndiyo yaliyoniponza.

Jina langu ni Victoire. Nina miaka kumi na miwili, na karibu miaka yote hiyo nilikuwa mtoto pekee nyumbani. Sisi Wakongo mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo Mama, ambaye jina lake ni Dorothée, aliitwa Mama Victoire kanisani, kazini kwa Wakongo wenzake, hata kwenye simu kutoka kwetu Uvira. Kila jioni mimi ndiye niliyepima mchele kwa kikombe cheupe cha plastiki chenye mistari ya desilita. Mama aliweka sufuria mezani na kusema, "Haya, fundi wangu wa vipimo." Nilidhani mambo yatakuwa hivyo siku zote.

Mwezi wa Novemba akaja Maombi.

Maombi ni binti wa mama mdogo Célestine, mdogo wake Mama, aliyefariki katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mama alihangaikia karatasi za kumleta kwetu kwa miaka mitatu. Maombi alipofika uwanja wa ndege alikuwa amevaa koti jembamba la mvua, na alikuwa na begi moja la nguo. Mkononi alishika kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, la njano, limechubuka rangi na mdomo wake umepinda upande mmoja. Nilifikiri limejaa kitu cha thamani. Halikuwa na kitu.

"Msalimu yaya wako," Mama akaniambia. Kwetu yaya ni ndugu mkubwa. Maombi amenizidi miezi minane tu! Nikasema "Hej" kwa Kiswidi na kuangalia viatu vyangu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona kitu. Nilipoteza nusu ya chumba, nusu ya kabati na kiti changu cha karibu na Mama. Maombi alizungumza Kiswahili kilichonyooka, nami niliyezoea kumjibu Mama kwa Kiswidi nikaonekana mgeni mezani kwetu. Alifahamu kuchambua maharage na kukanda unga bila kuambiwa. Hata makopo matupu alinizuia kuyatupa. "Haya ni mazima," alisema kwa mshangao, akayaosha na kuyapanga dirishani. Papa akacheka kwa furaha. "Mwone huyu! Tungekuwa naye kiwandani!" Mimi nilikuwa nimesuuza makopo kwa miaka minne na hakuna aliyetaka kunipeleka kiwandani.

Lililoniuma zaidi ni lile kopo la njano. Jioni ya tatu Mama alipoweka sufuria mezani, Maombi aliinuka kimya, akachota mchele kwa kopo lake, akalitikisa kidogo, akamimina. Halafu akaongeza gao moja la mkono juu yake.

Mama alisimama akimtazama. "Matabishi," alisema.

Matabishi ndiyo nyongeza yetu. Muuzaji akishakupimia unachonunua, hukuongezea kidogo juu ya kipimo, ili uondoke na moyo mweupe. Mama mdogo Célestine aliuza maharage na unga kambini kwa kopo lile. Siku moja lilianguka likapinda mdomo, na wateja wakanung'unika kwamba sasa watapunjwa. Basi akachukua msumari akapiga alama tatu ndani, pale ujazo wa haki unapofika. Alama hizo zilikuwapo bado. Ukipitisha kidole ndani ulizigusa.

Tangu jioni hiyo kikombe changu cheupe kilikaa kabatini. Hakuna aliyeniambia nisipime tena. Walisahau tu.

Wivu ulinikaa kifuani usiku na mchana. Nilihesabu kila kitu: Mama amemwita Maombi mara ngapi, nani amepakuliwa kwanza, nani kafungiwa skafu kwa mikono miwili. Siku moja nilipokuwa peke yangu nilijaza mchele kwenye kopo lile hadi kwenye alama, kisha nikaupima kwa kikombe changu. Nilitaka kumwonyesha Mama kwamba kopo bovu halipimi sawasawa. Nilipima mara tatu, na mara zote tatu zilikuwa desilita sita na nusu, bila kuzidi wala kupungua hata punje. Nilikasirika zaidi.

Ikafika Jumapili moja ya Februari. Baada ya ibada tulikuwa tukipika katika jiko la kanisa, akina mama wanazungumza wote kwa pamoja. Mama Gaudiosa, Mrundi anayekuja kwa treni kutoka Södertälje, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, akapaza sauti, "Mama Maombi! Niletee chumvi!"

Nikatabasamu. Nilijua Mama atamsahihisha.

"Abee!" Mama akaitika, akapeleka chumvi.

Aliitika bila hata kugeuza shingo! Jina lake lilikuwa jina langu, na mtu amelichukua mchana kweupe, mbele ya jumuiya nzima. Nilisikia masikio yanawaka moto. Chakula cha siku hiyo sikukigusa, na alipoulizwa sababu Mama alisema labda nina mafua.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa peke yangu nyumbani. Nilifunga mfuko wa vyuma. Kopo la njano lilikuwa kwenye kibao cha kukaushia vyombo, limeoshwa linametameta. Nilitazama mlango. Nikalichukua, nikalitia kati ya makopo ya nyanya, nikashuka ngazi mbio kabla moyo haujanigeuka. Mbele ya kontena nikasimama kidogo, nikajiambia hivi: si ninalificha tu? Papa huona kila kopo. Atalikuta kiwandani, atalitambua, atalirudisha baada ya siku chache. Maombi naye atakuwa ameonja kidogo jinsi mtu anavyojisikia akinyang'anywa kitu chake. Nikalisukuma ndani. Lililia kuliko makopo mengine.

Jioni Maombi akatafuta kopo. Alitazama kibaoni, kabatini, chini ya meza. Kisha akaja mlangoni mwa chumba chetu.

"Victoire, umeliona kopo langu?"

"Vet inte," nikajibu. Maana yake sijui. Nilidanganya kwa Kiswidi kwa sababu uongo wa Kiswidi niliuona mwepesi zaidi mdomoni. Lakini maneno hayo mawili ndiyo ya kwanza Maombi aliyojifunza shuleni kwetu, na aliyaelewa vizuri. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta nyuma ya pazia.

Usiku huo na kesho yake hakulia. Laiti angelia, ningemchukia kwa raha. Alikaa tu akitazama mikono yake. Mama akaweka sufuria mezani, akanitolea kikombe cheupe. "Pima wewe, Victoire." Mchele wangu ulikuwa umerudi. Nilipima desilita sita na nusu. Mama naye alikula kidogo, akaacha sahani yake na kwenda kusimama dirishani.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwenye kontena na tochi ya simu. Nililala kifudifudi juu ya rundo la theluji mbele yake, nikaingiza mkono tunduni hadi begani. Hakukuwa na kitu ndani. Nikasimama, nikajipangusa, nikarudi ndani. Papa alikuwa anakunywa chai.

"Papa, kontena letu linamwagwa lini?"

"Lori huja kila Ijumaa asubuhi," akasema, akaweka kikombe chini. Macho yake yakachangamka. Tangu Novemba sikuwa nimemwuliza lolote kuhusu kazi yake. "Kwa nini, mwanangu?"

"Nataka kujua tu. Likishamwagwa?"

"Halafu yanakuja kwangu!" Akavuta bakuli la sukari liwe kiwanda na kijiko kiwe tingatinga. "Lori linamwaga makopo ukumbini. Mimi nayazoa, nayapandisha kwenye mkanda unaotembea. Mkanda unapita chini ya sumaku kubwa. Kopo la maharage ni la chuma, basi linaruka lenyewe na kunasa juu. La alumini halinasi, hilo lina mashine yake inayolirusha kando. Kila aina inakwenda kwake."

"Na wewe unayaona yote?"

"Nayaona!"

"Moja moja?"

Papa akacheka hadi chai ikamwagika. "Victoire! Kwa siku moja ni malori kadhaa. Mimi naona mlima. Nani mwenye macho ya kuona kopo moja moja?"

"Lakini wewe husema..."

"Husema, ndiyo. Mtu akichoka kazini aruhusiwe kujisifu nyumbani. Kisha makopo ya chuma yanashindiliwa kwenye mashine, yanatoka marobota, kama marobota ya mitumba unayoyajua, ila haya ni mazito. Lori jingine linayapeleka kwenye tanuri."

"Tanuri lina moto kiasi gani?"

"Hata tanuri la mkate la kule kwetu ukilizidisha mara tano hulifikii. Chuma kinakuwa uji." Alinitazama kwa furaha isiyo na shaka yoyote, na furaha hiyo iliniumiza kuliko kofi. "Wiki ijayo shule zinafungwa. Nitamwomba msimamizi niende nanyi Jumanne. Wewe na Maombi."

"Mimi peke yangu," nikasema haraka.

"Wote wawili," akasema Papa.

Jumanne tulivaa kofia ngumu na fulana zinazong'aa, tukapanda na Papa kwenye jukwaa lenye vyuma vya kushikilia. Chini yetu ukumbi ulikuwa umejaa makopo. Sikuwahi kufikiri kwamba watu wanaweza kula nyanya nyingi kiasi kile. Kelele ilikuwa kubwa, na hewa ilinuka samaki wa makopo na chakula cha paka. Mkanda ulipita, sumaku ikanyakua makopo tapu, tapu, tapu, yakabaki yananing'inia juu kisha yakadondokea upande wa pili.

Maombi alishika chuma cha jukwaa kwa mikono miwili. "Kambini mlima huu usingelala hata siku moja," akasema. "Ungekuwa taa, ungekuwa vipimo, ungekuwa magari ya watoto."

"Hapa nao haulali sana," akajibu mtu nyuma yetu. Alikuwa Vénant, rafiki wa Papa kutoka Bujumbura, anayeendesha mashine ya kushindilia. Alitusalimia kwa mkono, akamwambia Papa kitu kuhusu lori lililokuwa linanguruma nje.

Mimi nilikuwa natafuta rangi ya njano. Niliona njano mara kumi, na mara zote kumi lilikuwa kopo la mahindi au la nanasi. Ndipo nilipogundua kwamba Maombi naye ameinama, macho yake yanapita juu ya mlima kwa utaratibu, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Unatafuta nini?" nikamwuliza.

Alinisogelea ili Papa asisikie. "Kopo langu. Nafikiri mama mkubwa alilitupa kwa bahati mbaya, pamoja na yale mengine. Usimwambie. Akijua, ataumia sana. Lilikuwa la mdogo wake."

Nilitamani jukwaa linimeze. Siku tano nzima mtoto huyu alikuwa amebeba huzuni yake peke yake ili Mama yangu asiumie! Na mimi nilikuwa nikihesabu nani amefungiwa skafu.

"Baba Vénant," nikauliza, "makopo ya Ijumaa ya Jordbro yako wapi?"

"Ya Ijumaa? Nilishayashindilia jana. Ndiyo hayo yanaondoka." Akaonyesha mlangoni. Lori lenye marobota ya kijivu lilikuwa limeanza kusogea.

"Simamisheni lori!" nikapiga kelele. "Papa, lisimamishe! Kopo la yaya limo! Nimelitupa mimi! Nimelitupa kwa makusudi!"

Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyomwita yaya.

Papa alishuka ngazi, akapunga mikono, dereva akafunga breki. Walizungumza kwa Kiswidi. Dereva akatazama saa, akainua vidole vitano, tukapewa dakika tano. Tulizunguka lori lile pande zote. Kila robota lilikuwa na makopo maelfu yaliyobanwa, hakuna tena lililokuwa na umbo la kopo. Kwenye robota la nyuma kulikuwa na kipande cha njano, kipana kama kiganja cha mtoto.

"Ni lile?" Papa akauliza.

Maombi alikitazama muda mrefu. "Sijui," akasema. "Makopo mengi ni ya njano."

Dakika zikaisha. Lori likatoka getini, likapinda kulia kuelekea barabara kuu, likapotea. Mimi nililia hadi kofia ikanishuka machoni. Maombi hakunitazama. Alimgeukia Vénant na kumwuliza, "Baba, likishayeyuka litakuwa nini?"

Vénant akavua glavu. Aliona kwamba swali hili si la kujibiwa mbio. "Likiyeyuka linachanganyika na mengine. Linaweza kuwa nondo za nyumba, au reli, au sehemu ya lori. Linaweza kuwa kopo tena. Chuma hakichoki, mwanangu. Unakiyeyusha leo, na miaka kumi ijayo unakiyeyusha tena, na bado ni chuma kile kile."

"Lakini alama hazitakuwapo."

"La," akasema Vénant polepole. "Alama hazitakuwapo."

Nyumbani nilimweleza Mama mwenyewe. Papa alisema sitasemewa na mtu, na alisimama mlangoni mpaka nimalize. Nilieleza kikombe, kiti, skafu na chumvi ya Mama Gaudiosa. Nilisema pia kwamba nilidanganya. Mama alikaa kitini na koti lake la kazi bado liko mwilini.

"Umelitupa siku moja mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza kwenye kontena. Mara ya pili uliposema hujui. Ungesema kweli Alhamisi jioni, tungeshuka wote, tungengoja lori asubuhi, tungelipata. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Kamwombe msamaha dada yako. Na usimharakishe kukujibu."

Nilimwomba msamaha, naye hakunijibu. Alikaa siku tatu bila kunisemesha, na sikuwa na haki ya kulalamika. Majuto ni mjukuu, nami nilimbeba mjukuu huyo kila nilikokwenda. Jioni nilipima mchele, tukala.

Siku ya nne Maombi aliingia jikoni nikiwa nimeshika kikombe cheupe. Akasimama karibu yangu.

"Mbona unapima hivyo hivyo kila siku?" akauliza. "Ni sawasawa na kipimo cha mama yangu. Naona kwenye sufuria."

Nikaona aibu. "Nilipima kopo lako," nikasema. "Zamani, kwa siri. Nilitaka kuonyesha ni bovu. Hadi kwenye alama zilikuwa desilita sita na nusu. Nilipima mara tatu."

Maombi akaacha mdomo wazi. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Una hakika? Sita na nusu?"

"Bila punje kuzidi."

Alitoka mbio. Nilimsikia akipekua dirishani, kwenye makopo yake aliyokuwa ameyaokoa. Akarudi na moja la kahawa, refu, la bluu. Nilipima mchele kwa kikombe changu, desilita moja moja mara sita, na mara ya saba nikafikisha nusu. Maombi akaumimina koponi, akalitikisa kidogo kama alivyokuwa akifanya, kisha akalishika kwa mikono miwili na kufumba macho. Alilipandisha na kulishusha.

"Ndilo," akasema, na hapo ndipo alipolia. Mimi pia nililia, na mchele kidogo ukamwagika.

Papa alileta msumari na nyundo. Tulichora mstari mahali mchele ulipofika, tukamimina mchele wote nje, Papa akaweka kipande cha mti ndani ili kopo lisipinde. Maombi alipiga alama ya kwanza na Papa ya pili. Maombi akanipa nyundo nipige ya tatu. Yangu ilikwenda upande kidogo, lakini ipo.

Mama alikuwa amesimama akitutazama, mkono mdomoni. Akavuta kiti akatukalisha, mmoja huku na mmoja huku.

"Sikieni nyote wawili, na hasa wewe, Victoire. Kanisani niliitwa Mama Maombi nikaitika. Unajua kwa nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Kwa sababu mwenye jina hilo hawezi kuitika tena. Mtu akiita Mama Maombi na kusiwe na mtu wa kusema abee, huyu mtoto atajisikiaje? Basi naitika kwa niaba ya mdogo wangu. Nikiitwa Mama Victoire naitika kwa niaba yangu mwenyewe. Midomo yangu haijapungua. Wewe ulidhani mapenzi ni gunia la unga, kwamba nikimpimia mwenzako wewe utabaki na vumbi. Ulikuwa unahesabu. Mtoto wangu, anayehesabu hivyo haoni kilicho kwenye sahani yake, na wivu ukimshinda atatupa hata kitu ambacho angekipenda. Na ukikosea, sema mapema, wakati lori halijaondoka."

"Na mimi?" akasema Papa, akikuna kichwa. "Mimi nimejifunza kutojigamba mbele ya watoto wanaosikiliza."

"Wewe," Mama akasema, "sahani zinakungoja."

Maombi akachota mchele kwa kopo la bluu hadi kwenye alama tatu, akaumimina kwenye sufuria. Kisha akanisogezea mfuko.

"Weka matabishi, Victoire."

Nikatia mkono, nikachota gao moja zima, nikaliweka juu.